Mechi ya watani iandaliwe na timu zote mbili

(Hotuba kwa viongozi wa timu za kata, jijini Arusha)

Ndugu mwenyekiti wa kikao, watendaji wa kata mliofika, viongozi wa timu, makocha, waamuzi, akina mama wa kamati za mashabiki, na nyinyi machalii wa maskani mliokaa nyuma: habari za asubuhi. Wazee wetu, shikamooni.

Leo tunazungumzia timu mbili jirani. Kila aliyeko hapa anazijua za kwao. Zinatenganishwa na barabara moja au mfereji mmoja, zinafanya mazoezi kwenye kiwanja kimoja, na wachezaji wake wamesoma shule moja. Iwe Unga Limited, Sombetini, Kaloleni, Kijenge au Moshono, hali ni hiyo hiyo. Siku zinapokutana watu hujaa kuliko siku ya fainali, muuza karanga anamaliza mzigo kabla ya mapumziko, na hata bibi asiyejua kuotea ni nini anauliza matokeo. Siku hiyo ndiyo utajiri wetu. Ndiyo pia siku ambayo mpira huvunjika dakika ya 70, watu wakarudi nyumbani na mawe mkononi.

Tunachotaka kusema ni hiki. Dabi za mitaani, yaani mechi za watani, huvunjika kwa mambo ambayo kila mtu aliyajua wiki mbili kabla: saa ya kuanza, mchezaji mwenye utata, hela ya mlangoni, na njia ya mashabiki kurudi makwao. Yakiandikwa na kusainiwa na pande zote mbili, ushabiki uwe mkali kiasi gani, dakika 90 zitachezwa. Yakiachwa kwa mdomo, hata viongozi waungwana watagombana, kwa sababu kila mmoja atakumbuka makubaliano yanayomfaa yeye.

Tuwatazame kwanza wakubwa. Yanga imeanzishwa mwaka 1935, Simba 1936, zote Kariakoo, na hakuna ujirani wa soka nchini unaojulikana kuliko huo. Tarehe 8 Mei 2021 zilipangwa kucheza saa 11 jioni. Siku hiyo hiyo muda ukasogezwa mpaka saa 1 usiku. Yanga wakafika uwanjani kwa muda wa kwanza, wakaondoka, na mchezo haukuchezwa mpaka tarehe 3 Julai. Tarehe 8 Machi 2025 mgogoro ukawa wa aina nyingine: Simba walisema walizuiwa kuingia Uwanja wa Benjamin Mkapa kufanya mazoezi usiku wa kuamkia mechi, wakatangaza hawachezi. Bodi ya Ligi ikaahirisha, na mechi ikachezwa tarehe 25 Juni. Mara zote mbili hakuna aliyegombania goli wala penalti. Waligombania saa na geti. Hizo ni klabu zenye wanasheria, kanuni zilizochapwa na bodi ya kusimamia. Timu ya kata ambayo karatasi zake zote ziko ndani ya begi la katibu inahitaji kujipanga zaidi, si pungufu.

Kwa hiyo siku 14 kabla ya mechi kikao kifanyike. Kila timu ilete watu watano: mwenyekiti, katibu, kocha, nahodha na kiongozi wa mashabiki. Nahodha na kiongozi wa mashabiki wasiachwe. Mwenyekiti anaweza kuahidi mambo mazuri sana ofisini, lakini dakika ya 80 ni nahodha anayewazuia wenzake wasimzonge mwamuzi, na ni kiongozi wa ngoma anayeamua wimbo gani uimbwe. Wasipokuwepo kwenye kikao, ahadi hiyo haiwafikii. Kikao kiongozwe na mtu wa kata ya tatu, na kifanyike ofisi ya kata au darasani. Kikifanyika kwenye maskani ya timu moja, upande wa pili utahesabu kwamba umeanza ugenini. Makubaliano yaandikwe nakala tatu, kila ukurasa usainiwe na pande zote: nakala moja kwa kila timu, ya tatu kwa kamishna wa mchezo, yaani msimamizi wa mechi. Katibu apeleke barua kwa mtendaji wa kata na kituo cha polisi wiki hiyo hiyo, ikitaja siku, saa, idadi ya watu wanaotarajiwa na simu za viongozi wanne.

Sasa saa. Hapa Arusha jua huzama kati ya saa 12:20 na saa 12:55 jioni kutegemea mwezi, na mapema zaidi ni mwishoni mwa Oktoba na mwanzoni mwa Novemba. Piga hesabu: dakika 45, mapumziko 15, dakika 45 nyingine, na kama dakika 8 za nyongeza kwa vipindi vyote viwili. Ukianza saa 10:00 kamili unamaliza kama saa 11:53. Kama kuna kombe na matuta, yaani mikwaju ya penalti, ongeza dakika 15, ni saa 12:08. Watu wanatembea kwenda nyumbani wakiwa bado wanaonana sura. Ukianza saa 10:45, matuta yanapigwa mpaka saa 12:50, na miezi ambayo jua huzama mapema hapo ni giza, kipa anasema hakuona mpira, na kwa hali hiyo anaweza kuwa anasema kweli. Kwa mechi yenye kombe, sisi tungeshauri saa 9:30.

Kinachochelewesha mechi zetu mara nyingi ni mgeni rasmi. Timu zimepanga mstari juani dakika 40, misuli imepoa, mashabiki wameanza kutukanana kwa kukosa cha kutazama. Tafadhali iandikwe hivi: mchezo utaanza kwa saa iliyopangwa, na mgeni rasmi akichelewa atasalimiana na wachezaji wakati wa mapumziko. Aambiwe hivyo kwenye barua ya mwaliko. Kiongozi anayeheshimu wananchi hatakasirika. Timu ikichelewa nayo ipewe dakika 15, basi, kisha kamishna aandike ripoti. Uamuzi wa kumpa mtu ushindi wa mezani usitolewe pale kiwanjani mbele ya watu elfu moja.

La pili ni mamluki. Kila mechi ya watani ina mtu ambaye hajawahi kuonekana mtaani, ameletwa asubuhi kwa bodaboda, anacheza daraja ambalo si la ndondo, mpira wetu wa mitaani. Upande mmoja unasema anakaa kwa shangazi yake hapa hapa. Nani atathibitisha wakati timu zimeshavaa jezi? Weka utaratibu wa tarehe. Siku saba kabla, kila timu itoe orodha ya wachezaji wasiozidi 25, yenye picha, jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, na nakala ya kitambulisho cha taifa, cheti cha kuzaliwa au barua ya serikali ya mtaa. Upande wa pili una siku nne za kuweka pingamizi kwa maandishi. Saa 72 kabla ya mechi orodha inafungwa, na baada ya hapo hakuna pingamizi la uraia wala la makazi litakalosikilizwa. Kama mnakubali wachezaji wa nje, kubalianeni idadi, mathalani watatu, na majina yao yapigiwe mstari. Wachezaji wa nje waliotajwa hawaleti ugomvi.

Angalieni na majina ya utani. Kijana anajulikana mtaa mzima kwa jina moja, fomu ina jingine, na shabiki anaapa kwamba huyo siye. Ndiyo maana picha ni lazima, na ndiyo maana nusu saa kabla ya mchezo kamishna aingie vyumba vyote viwili na manahodha wote wawili, asome jina, atazame sura, aweke alama. Kazi hiyo inachukua dakika kumi.

Waamuzi waombwe kwa chama cha mpira cha wilaya, wanne pamoja na wa akiba, na wasitoke kwenye kata zinazocheza. Posho yao ichangwe nusu kwa nusu na ikabidhiwe kwa kamishna kabla ya siku ya mechi. Timu moja ikilipa yote, hata kwa nia njema kwa sababu ile nyingine imeishiwa, kila faulo itatafsiriwa kwa hela hiyo. Waamuzi wasile chakula nyumbani kwa kiongozi wa timu yoyote, na wasibebwe na gari la timu yoyote.

Kiwanja nitakipitia haraka, maana wengi wenu mnakimudu. Mistari ya kiwanja cha mita 100 kwa 64, ukijumlisha mduara wa kati, boksi la kumi na nane, boksi la sita na kona, inafika karibu mita 700, kwa hiyo msianze kuchora saa 8 mchana. Pembe za kona zipimwe kwa kamba: mita 6 upande mmoja, 8 upande wa pili, na ulalo lazima uwe 10. Msitumie chokaa kali ya ujenzi. Ikilowa jasho au maji inaunguza ngozi, na kijana akiangukia uso inaweza kumharibu macho. Rangi nyeupe ya maji iliyochanganywa na maji inatosha. Goli za kuhamishika zifungwe chini kwa vigingi au viroba vya mchanga nyuma ya fremu, kwa sababu goli lisilofungwa likiningʼiniwa na watoto linaanguka na linaua. Julai mpaka Oktoba kiwanja kimwagiwe maji asubuhi, vumbi lipungue. Kama masika imelowesha udongo mpaka kiatu kinazama, ahirisheni siku moja kabla, si saa moja kabla.

Kuna jambo watu huliogopa kulisema hadharani, tuliseme. Timu zinakataa kuingia vyumbani, zinapita ukutani badala ya mlangoni, watu wanakuta vitu vimefukiwa golini usiku. Bodi ya Ligi yenyewe imekuwa ikizitoza klabu faini kwa vitendo vya namna hii. Huku kwetu faini haitasaidia. Kinachosaidia ni kuondoa nafasi ya kushukiana. Saa 8 mchana manahodha wawili na mwamuzi wa akiba wazunguke kiwanja pamoja, wakague goli zote mbili na vyumba vyote viwili, wasaini kwamba wameona pako safi. Baada ya hapo anayeingia kiwanjani kabla ya mechi ni mwamuzi tu. Mtu akiamini anachoamini, hiyo ni yake, lakini hatapata tena sababu ya kuchelewesha mpira.

Sasa tufike kwa mashabiki, na hapa naomba subira yenu.

Soweto, Afrika Kusini, kuna timu mbili jirani. Orlando Pirates imeanzishwa mwaka 1937. Kaizer Chiefs imeanzishwa mwaka 1970 na Kaizer Motaung, aliyekuwa mchezaji wa Pirates. Tarehe 13 Januari 1991 zilikwenda mji wa Orkney, huko huko Afrika Kusini, kucheza mechi ya kirafiki kabla ya msimu. Nasisitiza, ya kirafiki. Mashabiki wa pande zote walikuwa wamechanganyika. Goli moja likabishaniwa, vitu vikaanza kurushwa, watu wakakimbia, na wengi walikufa kwa kubanwa kwenye uzio. Watu 42. Miaka kumi baadaye, tarehe 11 Aprili 2001, timu hizo hizo, uwanja wa Ellis Park, Johannesburg, uwanja umeshajaa na maelfu wengine wanasukuma waingie. Watu 43. Mwezi uliofuata, tarehe 9 Mei 2001, kwenye mechi ya Hearts of Oak na Asante Kotoko jijini Accra, Ghana, mabomu ya machozi yalipigwa kwenye jukwaa, watu wakakimbilia milango, na zaidi ya 120 wakafa.

Someni sababu za vifo hivyo. Walioua ni mbano, uzio na milango. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya kamati ya mashabiki ni kuhesabu nafasi. Kiwanja cha wazi kisicho na jukwaa kinachukua watu wangapi? Kamba ya pembeni ina mita 100. Kila mita wanasimama watu wawili kwa raha, na mistari minne ya watu ndiyo mwisho wa kuona mpira bila kusukumana. Hiyo ni watu 800 kwa upande, 1,600 kwa pande mbili. Ukiuza tiketi 2,500, wale 900 wa ziada watasukuma wa mbele, wa mbele wataingia ndani ya mstari, mwamuzi msaidizi atakosa njia ya kukimbilia, na utaona ugomvi wa kuotea ambao chanzo chake kilikuwa mlangoni.

Kamba iwekwe mita tatu kutoka kwenye mstari. Nyuma ya magoli asisimame mtu. Kipa anayetukanwa na kurushiwa chupa kwa dakika 45 hatavumilia mpaka mwisho, na hakuna mwamuzi anayeweza kutazama mgongoni kwake. Kila timu iwe na upande wake wa kiwanja, na benchi la timu likae upande wa mashabiki wake. Milango iwe angalau miwili, kila timu na wake, ifunguliwe kabisa dakika ya 75 na isifungwe kwa kufuli wakati wowote watu wakiwa ndani. Anayetaka kufunga mlango kuzuia wasio na tiketi aweke watu, asiweke kufuli.

Walinzi wa kiwanja wawe 20, kumi kila timu, na wapangwe wawili wawili: mmoja wa huku, mmoja wa kule. Jozi hiyo ndiyo kinga kubwa kuliko rungu. Shabiki akivuka kamba, anayemshika ni mtu wa timu yake, na yule mwenzake anashuhudia kwamba hakuonewa. Mkiwapanga kila timu upande wake peke yake, baada ya nusu saa watakuwa mashabiki waliovaa vizibao.

Na sasa kifungu ambacho timu nyingi hazikijui. Sheria ya 7 ya mpira wa miguu inasema mechi iliyovunjika hurudiwa, isipokuwa kanuni za mashindano au waandaaji wamepanga vinginevyo. Fikirieni maana yake mtaani. Timu inafungwa mabao matatu dakika ya 75. Kama kanuni zenu ziko kimya, mashabiki wake wakiingia uwanjani na mechi ikavunjika, wanapata mechi mpya inayoanza sifuri kwa sifuri. Fujo inawalipa. Halafu tunashangaa kwa nini watu wazima wanavamia uwanja! Andikeni waziwazi: mechi ikisimama kwa fujo, mwamuzi atasubiri mpaka dakika 30, ikishindikana, dakika zilizobaki zitachezwa kesho yake saa 10 jioni, bila watazamaji, kwa matokeo yale yale, kadi zile zile na wachezaji wale wale. Na timu ambayo mashabiki wake ndio wamevamia, kwa ripoti ya kamishna, inapoteza mgawo wake wa mlangoni. Kiongozi wa mashabiki asome kifungu hiki kwa kipaza sauti kabla ya mpira kuanza. Hapo hapo kumbukeni Sheria ya 3: timu ikibaki na wachezaji chini ya saba mchezo hauendelei. Andikeni pia kwamba timu ikijipunguza makusudi inahesabiwa imeshindwa.

Kurudi nyumbani kuna hatari kuliko kipindi cha pili. Ugomvi mwingi hutokea kati ya saa 12 na saa 2 usiku, wakati washindi wanapanda bodaboda na tarumbeta kwenda kupita maskani ya walioshindwa. Pangeni njia mbili kwenye karatasi, majina ya barabara yaandikwe. Walioshindwa watoke kwanza, washindi wabaki na kombe lao uwanjani dakika 20, wacheze wanavyotaka. Msafara wa ushindi upite njia ya kwao, na uishe saa 1 usiku. Kesho mchana, juani, nendeni mkataniane kwenye maskani ya jirani hadi mchoke.

Maana utani wenyewe hatuukatazi, na yeyote anayetaka kuuondoa haelewi kwa nini watu wanajaa. Imbeni. Leteni jeneza lenye jezi ya mtani, leteni mbuzi aliyepakwa rangi, fanyeni matanga ya timu iliyofungwa. Mipaka iwe mitano na isomwe kikaoni: mzazi wa mtu, kabila, dini, ulemavu, na msiba wa kweli. Mtaa wa jirani ukiwa na msiba wiki hiyo, jeneza la utani libaki ndani. Na mtani wa kweli anaonekana kwenye msiba huo huo, amebeba maji na kuni. Timu jirani isiyotuma hata watu watatu kumzika shabiki wa upande wa pili isijiite mtani.

Hela ya mlangoni. Tiketi ziwe na namba mfululizo na rangi mbili, rangi kwa kila mlango. Kila mlango uwe na watu wawili, mmoja wa kila timu: mmoja anauza, mwingine anachana. Tiketi ikichanwa, kipande kinabaki kwenye ndoo, la sivyo inarudi nje na kuuzwa tena. Malipo ya simu yanaleta ugomvi mpya, kwa sababu namba ya kulipia ni ya mtu mmoja. Kama mnaitumia, salio liandikwe na makatibu wawili kabla ya kuuza tiketi ya kwanza na baada ya kuuza ya mwisho. Mauzo yafungwe dakika ya 60 na hesabu ifanyike hapo hapo ndani ya chumba, mpira ukiendelea. Ukisubiri kipenga cha mwisho, mmoja wa wahesabuji atakuwa na hasira na mwingine atakuwa anabebwa juu.

Mfano: tiketi 1,200 kwa shilingi 1,000 ni shilingi 1,200,000. Toa waamuzi, kamishna, huduma ya kwanza, vizibao, kamba, rangi na maji, tuseme 420,000. Inabaki 780,000. Tenga asilimia 10, yaani 78,000, iwe mfuko wa majeruhi wa timu zote mbili. Zinazobaki ni 702,000, kila timu 351,000, aliyeshinda na aliyeshindwa sawasawa. Tunajua wapo wanaopenda mshindi achukue sitini na aliyeshindwa arobaini. Tunawapinga. Watu walikuja kutazama timu mbili, na hakuna timu iliyowahi kujaza kiwanja kwa kucheza peke yake. Zawadi ya mshindi itafutwe kwa mfadhili, ikae mbali na mlango.

Ule mfuko wa majeruhi una kazi yake. Kijana akivunjika mguu, aliyemkwatua na aliyekwatuliwa ni majirani, na mama zao wanakutana sokoni Kilombero. Hela ikitoka kwenye mfuko wa pamoja siku hiyo hiyo kwenda hospitali, maneno yanapungua. Kama mtu ameumia kwa kupigwa, chukueni fomu ya PF3 polisi, lakini mwenye hali mbaya apelekwe hospitali kwanza. Machela mbili, mtu mmoja aliyefundishwa kukandamiza kifua, na gari lenye dereva ndani lisilozibwa na magari mengine: hivyo viwepo kabla ya kipenga. Mchezaji aliyegongwa kichwa na kupoteza fahamu hata kwa sekunde chache harudi uwanjani siku hiyo, kocha apige kelele asipige.

Limebaki la wachezaji kuhama, ambalo linaharibu ujirani polepole kuliko mechi. Kijana amekulia timu moja, ile ya ngʼambo imempa viatu, anavuka. Wa kwanza wanamwita msaliti, wanamnyima barua ya kumruhusu kuhama, anakaa msimu mzima bila kucheza. Kubalianeni dirisha moja la kuhama, baada ya msimu, na kifuta jasho kinachojulikana, mathalani mipira miwili mipya. Barua itoke ndani ya siku saba. Katikati ya msimu asihame mtu.

Na andikeni miaka ambayo kila kijana amechezea kwenu. Kanuni za FIFA zinasema mchezaji akiuzwa kutoka klabu ya nchi moja kwenda ya nchi nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada inagawanywa kwa klabu zilizomlea tangu mwaka anaotimiza miaka 12 mpaka anaotimiza 23: robo asilimia kwa kila mwaka kati ya 12 na 15, na nusu asilimia kwa kila mwaka kuanzia 16. Mbwana Samatta alipotoka Genk ya Ubelgiji kwenda Aston Villa ya Uingereza Januari 2020, hiyo ilikuwa aina ya uhamisho inayozungumzwa hapa. Tuseme kijana wa kata yenu anauzwa kwa dola 200,000. Timu iliyomlea miaka minne ya 12 hadi 15 inastahili dola 2,000, na jirani aliyekuwa naye miaka ya 16 na 17 anastahili dola 2,000. Masharti ni kwamba timu iwe imesajiliwa na mtoto awe amesajiliwa kwa jina lake, kukiwa na tarehe ya kuingia na ya kutoka. Tarehe ya kutoka kwenu ndiyo ya kuingia kwa jirani. Mkiandika tofauti, mtabishana kuhusu miezi hiyo, na madai ya wote wawili yatakwama kwenye makaratasi.

Kwa hiyo kabla ya dabi ijayo, makatibu wa timu jirani wakae na madaftari yao mawili, wapitie kijana mmoja mmoja aliyewahi kuvuka, na tarehe zifanane. Nakala za mfano wa makubaliano ziko kwenye meza ya mlangoni, kurasa nne. Tunaomba kila timu ichukue yake pamoja na ya jirani yake ambaye leo hakufika. Sasa mwenyekiti, tuko tayari kwa maswali.